Ukurasa wa Arobaini na Saba

Lutfunnesa hakuwahi kufundisha darasani hata siku moja, lakini mjini Mymensingh ilikuwa vigumu kumpata mwalimu wa fasihi ambaye hakupita mikononi mwake. Walipitia kwenye karatasi. Kwa miaka ishirini na miwili aliandika noti za hadithi fupi kwa wino wa kijani, na Motaleb, mwenye duka la fotokopi mbele ya lango la chuo, akazitoa nakala na kuziuza. Kwenye fotokopi kijani kiligeuka kijivu, lakini mwandiko wenyewe, herufi zimeinamia kushoto kama watu wanaotembea kukabili upepo, ulijulikana mjini kuliko sura yake. Siku moja alikuwa amejibanza dukani akisubiri mvua ipungue, akamsikia kijana akimwambia mwenzake, "Chukua hizi za marehemu Lutfunnesa, hazijawahi kumwangusha mtu." Hakumsahihisha.

"Marehemu hasumbuliwi na maswali," aliniambia baadaye, akicheka.

Nilipanga chumba cha juu nyumbani kwake miaka mitatu na ushei. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, mjane wa karani wa posta, hana mtoto. Ujanani alisomea shahada ya pili ya fasihi, akafika mpaka wiki ya mtihani wa mwisho, ugonjwa wa manjano ukamlaza kitandani. Mwaka uliofuata akaolewa, na mtihani ule hakuufanya tena. Noti alizianza kwa kumsaidia binti wa jirani. Binti akafaulu kuliko darasa lake zima, na tangu hapo mlango wake haukupumzika mpaka Motaleb alipokubali kuwa mlango badala yake.

Hadithi yoyote aliikata vipande sita: mandhari, wahusika, mgogoro, kilele, mwisho, dhamira. Kila kipande alikichorea kisanduku, na ndani ya kisanduku aliandika maelezo ya nusu ukurasa ya kukariri, yasiyo na neno la ziada. Aliandika asubuhi, baada ya chai na bisi za mchele, feni ikizunguka juu yake na vijiwe vinne vikiwa vimekandamiza karatasi. Kazi hiyo ilimwingia mpaka kwenye mazungumzo. Mwuza samaki aliyepita mlangoni akinadi kwa sauti kubwa vidagaa vyake vidogo, Lutfunnesa alimwita "taharuki isiyo na kilele." Naye Motaleb aliitwa mhusika bapa.

"Bapa ndiyo nini, Apa?" Motaleb aliuliza. Apa ni dada mkubwa, na mji mzima ulimwita hivyo.

"Mtu asiyebadilika tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho."

"Niandikie hiyo nikamwonyeshe mke wangu. Yeye anasema nabadilika kila nikipita kwa mwuza tambuu."

Kitabu kilichotahiniwa kilikuwa na hadithi kumi na moja za waandishi wa wilaya ileile. Kilichapwa mara ya kwanza mwaka wa 1984, kikachapwa tena mwaka wa 1995, na kilichokuwa mikononi mwa watu ni hicho cha pili. Wanafunzi walikinunua ili wazazi wakione mezani. Walichosoma ni noti.

Hadithi ya tatu ndiyo iliyotoka kwenye mtihani karibu kila mwaka, tena kama swali la lazima. Mtu anarudi kijijini baada ya miaka kumi na minne ya kazi ugenini. Muda wote huo amevaa shingoni ufunguo wa nyumba ya baba yake. Sasa katika nyumba hiyo anaishi ndugu yake mdogo. Anafika mlangoni jioni, anasikia watu wakila ndani, vyombo vikigongana, mtoto akilalamikia miiba ya samaki. Anaingiza ufunguo kwenye kitasa. Nukta. Hapo ukurasa wa arobaini na sita unakwisha, na upande wa pili inaanza hadithi nyingine kabisa.

Kwenye kisanduku cha mwisho Lutfunnesa aliandika sentensi iliyokuja kukaririwa na maelfu ya watu: "Mwandishi hatuambii kama mlango ulifunguka, kwa sababu mlango ulio muhimu umo ndani ya msomaji." Nilipoisoma mara ya kwanza niliinakili kwenye daftari langu. Alijua kuwa ni nzuri. Ukiitaja mbele yake alitazama pembeni na kurekebisha ushungi.

Tohura alikuja katika mwezi wa Choitro, wakati bati la paa huwa halishikiki kwa joto na mbwa hulala mitaroni. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne kutoka visiwa vya mchanga vilivyo katikati ya mto, mwembamba, kandambili zake mkononi kwa sababu kamba ya moja ilikuwa imekatika njiani. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, na hakuna aliyeniambia niondoke.

"Noti ziko kwa Motaleb, mwanangu," Lutfunnesa alimwambia kabla hajakaa. "Hapa siuzi."

"Ninazo, Apa. Nimekuja unifundishe kukosea."

"Kukosea nini?"

"Hadithi ya kitasa. Wenzangu wote wanaikosea na wanafaulu. Mimi naipatia, na nimeanguka mara mbili. Mtihani huu ni wa tatu, na chuo hakitoi wa nne."

Alieleza bila kulia, kama mtu aliyeshalilia jambo lake njia nzima. Alikuwa mtahiniwa wa kujitegemea, anajisomea nyumbani. Kisiwani kwao kulikuwa na shule ya msingi yenye mwalimu mmoja mzee, na kamati ya shule ilikuwa imemwekea nafasi mpaka mwisho wa mwaka, kwa sharti la cheti. Mara ya kwanza alipata alama thelathini na moja, na kufaulu ni thelathini na tatu. Mara ya pili alijibu swali lilelile kwa urefu zaidi, akapata ishirini na nane. Karani mmoja wa ofisi ya mitihani, mtu wa kwao, alimchungulilia karatasi yake. Pembeni ya jibu, msahihishaji alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: Hajasoma hadithi. Anabuni.

"Na kweli unabuni?" Lutfunnesa aliuliza.

Tohura alifungua mfuko wake akatoa kitabu kilichofungwa kwa nailoni mara tatu, kama wanavyofunga hati za ardhi watu wanaoishi na mafuriko. Kilikuwa kitabu kilekile, ila cha chapa ya kwanza, cha mjomba wake aliyesoma zamani. Akafungua ukurasa wa arobaini na saba na kusoma kwa sauti.

Ufunguo haukuzunguka. Kitasa kilikuwa kipya. Ndani, sauti ya ndugu yake ikauliza, "Nani?" Mtu yule akauchomoa ufunguo polepole na kusema, "Mpita njia tu. Naomba maji." Mkono wa mtoto ukatokeza dirishani na glasi. Akanywa yote, akairudisha glasi kwenye ule mkono mdogo, akaenda zake kwa njia aliyojia.

Feni ilizunguka. Lutfunnesa alinyoosha mkono akapewa kitabu. Upande wa nyuma wa ukurasa ule, wa arobaini na nane, ulikuwa mtupu. Akaurudia ukurasa wa arobaini na saba, akautazama kwa muda ambao mtu angeweza kuusoma mara nne.

"Karatasi hii si ya kitabu hiki," alisema.

"Lakini imeshonwa humu humu, Apa."

"Zamani wachapaji walikuwa na mambo yao. Wakiona hadithi imeachwa wazi, wanaitungia mwisho ili wanunuzi wasinung'unike. Ukiisoma vizuri utaona haifanani na mwandishi."

Tohura alishusha pumzi, mabega yakamlegea. Nadhani alikuwa amejiandaa kuambiwa mwongo, na badala yake alikuwa ameambiwa kwamba mwongo ni kitabu. "Basi mjomba wangu alipigwa changa la macho," alisema, akacheka kwa mara ya kwanza. "Na amejisifia kitabu hiki mpaka tukachoka."

Lutfunnesa alimfundisha mchana kutwa. Alimsomesha visanduku vyote sita, kisha kile cha mwisho tena na tena, neno kwa neno. Alimpa wali na dengu, akamkaririsha tena. Jioni Tohura alipotaka kuondoka, kitabu kilikuwa bado mapajani mwa Lutfunnesa.

"Kaa nacho, Apa. Kimenitesa vya kutosha."

Mlango ulipofungwa, Lutfunnesa alichukua kitabu chake mwenyewe rafuni, kilichochakaa pembe zote, akakiweka mbele yangu kikiwa wazi.

"Soma namba za kurasa."

"Arobaini na sita," nilisema. Nikatazama upande wa pili. "Arobaini na tisa."

"Umekuwa na nakala yako mezani miaka miwili. Uliona?"

"Sikuona."

"Mimi nimekuwa nayo miaka ishirini na miwili." Alikifunga. "Na kazi yangu ni kuona."

Kesho yake alikwenda kwa Motaleb mapema, kabla wanafunzi hawajajaa. Motaleb aliviweka vitabu viwili sambamba kwenye kioo cha mashine, akakuna kidevu. Yeye alifahamu kilichotokea upesi kuliko sisi wasomaji. Mwaka wa 1995 herufi za risasi za chapa ya kwanza zilikuwa zimeshayeyushwa, kwa hiyo wachapaji walichukua nakala moja ya zamani wakaipiga picha, ukurasa kwa ukurasa. Nakala hiyo ilikuwa imenyofoka karatasi. Kwa kuwa nyuma ya ukurasa wa arobaini na saba hapakuwa na kitu, hakuna hadithi nyingine iliyoharibika, na sentensi ya mwisho iliyobaki ilikuwa na nukta yake.

"Karatasi moja tu, Apa," Motaleb alisema. "Mchapaji amekufa, mwandishi amekufa, na mtihani umebaki siku kumi na sita. Mvua haitaacha kunyesha kwa ajili ya karatasi moja."

"Yupo aliyeangushwa kwa ajili ya karatasi moja."

"Si umeshamfundisha? Atafaulu, na kila mtu arudi nyumbani kwake."

"Nimemfundisha uongo, na nimemwambia ni ukweli."

Motaleb akapangusa kioo cha mashine ambacho hakikuwa na vumbi. "Hiyo sasa," alisema, "ni ya kwako na Mungu wako. Mimi ni bapa."

Msahihishaji mkuu wa somo lile alikuwa Profesa Ainul Haq, mtu mnene, mpole, aliyependa kupiga pasi mashati yake mwenyewe. Alikuwa mmoja wa wanunuzi wa kwanza kabisa wa noti zile. Lutfunnesa aliniomba nimsindikize, kwa sababu magoti yalimsumbua kwenye ngazi za watu. Profesa alipomwona alikimbia kuinama na kugusa miguu yake, kama mwana mbele ya mama.

"Apa umekuja mwenyewe! Ungeniita tu."

Alipewa kitabu. Alivaa miwani akasoma ukurasa wa arobaini na saba akiwa amesimama, kisha akakaa akausoma tena. Mkewe alileta chai, akaona nyuso zetu, akaiweka na kuondoka bila kusema karibuni.

"Hii ni nzuri," Profesa alisema hatimaye. "Nzuri kuliko yetu."

"Hiyo ndiyo hadithi, Ainul. Ile yetu ni nusu."

"Naona." Alivua miwani. "Dhamira yote inageuka. Sisi tunafundisha tumaini. Huyu mtu ameandika kuhusu kuacha."

"Basi andika kwenye mwongozo wa kusahihisha kwamba mwisho huu ukubaliwe. Yupo msichana ameangushwa mara mbili kwa kuandika ukweli."

Profesa alitazama chai yake ikitanda utando. "Apa, mimi nilifaulu kwa noti zako. Wasahihishaji wangu kumi na wawili, wote wamefaulu kwa noti zako. Mwongozo wenyewe nimeuandika kwa maneno yako, usinione mwizi. Nikiandika leo kwamba kuna ukurasa wa ziada, mkuu wa mitihani ataniuliza: tangu lini? Nitamjibu tangu miaka ishirini na mitatu iliyopita? Atauliza ni wangapi walioangushwa. Wewe unajua idadi?"

"Namjua mmoja."

"Basi huyo mmoja na aandike kama wenzake. Watahiniwa elfu moja na mia tisa wamekariri. Si jambo la dhambi, Apa. Ni fasihi."

Lutfunnesa nami tulirudi kwa njia ya sokoni. Hapo akasimama mbele ya mafungu ya mchicha kama anayechagua. "Amesema 'si jambo la dhambi, ni fasihi'," alisema. "Nimetumia maisha yangu yote kwa kitu ambacho mtu mwema anaweza kukisemea hivyo."

Siku iliyofuata aliandika karatasi moja kwa wino wa kijani. Alinakili ukurasa wa arobaini na saba wote, akachora kisanduku kipya cha mwisho na kipya cha dhamira, na chini akaandika: Noti zangu za awali za hadithi hii zina kosa. Kosa ni langu. Akampelekea Motaleb, akamwambia atoe nakala mia tatu na azigawe bure.

"Apa, siku kumi na mbili kabla ya mtihani? Utawatia wazimu."

"Gawa."

Kufikia saa nne asubuhi kulikuwa na watu mpaka barabarani, na madereva wa riksho wakipiga kengele kwa hasira. Nilikuwepo. Nilisikia yote.

"Apa mwenyewe kaandika?"

"Mwandiko wake huo, angalia herufi."

"Sasa tukariri lipi, la zamani au hili?"

"La zamani limefaulisha kaka zangu watatu. Hili limemfaulisha nani?"

"Kichwa cha bibi kimeingia maji. Nilisikia alishakufa, kumbe kilichokufa ni akili."

Mama mmoja aliyemsindikiza bintiye alimkabili Motaleb uso kwa uso. "Mwaka mzima mtoto wangu ameimeza ile sentensi ya mlango. Leo mnataka aitapike?" Alipasua karatasi yake mara mbili akaiweka vizuri juu ya mashine, vipande vinne. Mpaka adhuhuri vipande kama vile vilikuwa vimetapakaa barabarani hadi kwa mwuza tambuu. Jioni Motaleb alileta nakala zilizobaki, mia mbili na kitu, zimefungwa kwa kamba ya katani. Aliziweka mezani pa Lutfunnesa bila mzaha wowote, na hilo lilinitisha kuliko zile kelele.

"Kule visiwani karatasi hii haitafika," Lutfunnesa alisema.

Tulivuka siku ya sita kabla ya mtihani, kwa mtumbwi wa injini uliojaa mbuzi na magunia ya simenti. Ulikuwa msimu wa pilipili. Nyua zote za kisiwa zilikuwa nyekundu kwa pilipili zilizoanikwa, na kila aliyepita alikohoa. Tohura alikuwa akizigeuza kwa reki, kitambaa puani. Alipomwona Lutfunnesa akakimbia kuleta kigoda, akakipangusa kwa upande wa sari yake.

"Apa! Kwa jua hili! Nimeshakariri yote, ungenitumia salamu tu."

Lutfunnesa alikaa. Alimpa ile karatasi ya kijani. Tohura aliisoma akiwa amesimama, reki mkononi. Alipofika mwisho alirudi juu akaisoma tena.

"Kwa hiyo ukurasa ule ni wa kweli."

"Ni wa kweli."

"Ulijua lini?"

Nilidhani angesema alijua baada ya kuona namba za kurasa. Hata mimi ndivyo nilivyoamini. Lakini Lutfunnesa alisema, "Ulipokuwa unasoma. Nimeishi na sentensi za mtu yule miaka ishirini na miwili. Ulipofika kwenye mkono wa mtoto na glasi, nilijua ni yeye."

"Na ukaniambia wametunga wachapaji."

"Nikakwambia hivyo."

"Nikamcheka mjomba wangu." Tohura aliishika reki kwa mikono miwili. "Nimerudi hapa nikamwambia mbele ya watu, kitabu chako ni cha kughushi. Amenyamaza mpaka leo."

Lutfunnesa alijiziba pua kwa ushungi. Alikohoa, macho yakimtoka machozi ya pilipili ambayo yangeweza kuwa mengine.

"Sasa unataka niandike nini, Apa?"

"Siwezi kukuamulia."

"Siku ile uliweza."

Mama yake Tohura alitoka jikoni na bakuli la wali uliolowekwa kwenye maji baridi, pamoja na vitunguu na pilipili, akalazimisha tule. Tulikula. Tohura aliendelea kugeuza pilipili, kwa nguvu zaidi kidogo ya iliyohitajika. Tulipoondoka alitusindikiza mpaka ukingoni, akamshika Lutfunnesa kiwiko asiteleze kwenye matope, akamkalisha sehemu ya kivuli karibu na mbuzi. Akasema tu, "Fika salama, Apa." Injini ilipowaka alikuwa tayari amegeuka.

Mtihani ulifanyika. Swali la lazima lilikuwa lilelile: jadili mwisho wa hadithi na uhusiano wake na dhamira. Wiki zilizofuata Lutfunnesa hakuandika. Vijiwe vinne vilikaa mezani bila karatasi ya kukandamiza. Mwuza samaki alipita akipiga kelele, naye hakusema lolote juu yake.

Matokeo yalitoka mvua zikiwa zimepamba moto. Kabla hatujayaona, Profesa Ainul Haq alikuja, suruali imekunjwa mpaka magotini kwa ajili ya maji ya barabarani. Alikataa kukaa.

"Nilikwambia hapana, Apa, kisha sikulala," alisema. "Usiku wa kabla ya kusahihisha niliongeza mstari mmoja kwenye mwongozo. Atakayetaja ukurasa wa arobaini na saba apewe alama zote. Sikuandika sababu, na bahati nzuri hakuna aliyeniuliza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekwenda kuubandika langoni."

Ni kweli, angefanya hivyo. Aliuliza polepole, "Wangapi wameutaja?"

Profesa alitazama nyayo za maji alizoacha sakafuni. "Hakuna, Apa. Nimewauliza wasahihishaji wote kumi na wawili, mmoja mmoja. Wote wameandika mlango umo ndani ya msomaji."

Siku nne baadaye Tohura alikuja na boksi la monda, vitamu vya maziwa na sukari vya pale Muktagacha, kama mtu yeyote aliyefaulu anavyopaswa kumpelekea aliyemfundisha. Alipata alama hamsini na sita. Alikuwa amevaa sari mpya ya pamba, ya ualimu, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Alianza kazi Jumamosi iliyotangulia. Wanafunzi themanini na moja, madawati kumi na mawili. Aliinama kugusa miguu ya Lutfunnesa na Lutfunnesa akamwinua kabla hajafika.

"Mjomba wako anasemaje?"

"Amekula monda nne. Hajasema kitu juu ya kitabu."

Walikaa. Mvua ilipiga bati mpaka ikabidi waongee kwa sauti.

"Uliandika nini, Tohura?"

Tohura aliweka mikono mapajani kama mtoto anayeitwa mbele ya darasa. Akasema kisanduku chote cha mwisho, nusu ukurasa, bila kukwama, akipumua palepale ambapo Lutfunnesa alikuwa ameweka mikato. Mwandishi hatuambii kama mlango ulifunguka. Midomo ya Lutfunnesa ilimfuata mwanzoni, kisha ikaacha.

"Nilikaa na kalamu dakika ishirini, Apa," Tohura alisema alipomaliza. "Nilitaka kuandika ule mwingine. Nikawaona watoto wa kisiwani, nikaandika huu."

"Ulifanya sawa."

"Sijui." Alisukuma boksi karibu na mkono wa Lutfunnesa. "Nimeikariri mara nyingi mno. Siku hizi nikiukumbuka ule ukurasa wa mjomba, mkono wa mtoto na ile glasi, ndio unaonekana kama wa kubuni. Kula, Apa. Zitayeyuka."